Programu ya Mzee Ochola

Amri ya kuondoa programu ilikuwa tayari kwenye skrini. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kitufe kimoja, na Naliaka alikuwa ameshainua kidole, Mzee Ochola alipoingia na thamosi kwapani na vikombe viwili mkononi.

"Nyar Bungoma," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu alipoajiriwa, binti wa Bungoma. "Hii baridi itakumaliza. Kunywa chai."

Naliaka akalifunika dirisha lile kwa dirisha jingine, akapokea kikombe.

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Biashara, na kazi yao ilikuwa kutafuta maji. Walikwenda kwenye kiwanja cha mtu, wakachoma vyuma ardhini kwa mstari, wakapitisha umeme kidogo na kupima ardhi inaupinga kiasi gani. Vipimo vililetwa ofisini, vikaingizwa katika programu iliyoitwa Tabaka, nayo ikachora picha ya kilichomo chini: udongo, mwamba, na palipo na maji pakatiwa rangi ya buluu. Mwenye mashine ya kuchimba aliifuata picha hiyo kama mtu anavyofuata kidole kinachoelekeza njia.

Tabaka ilikaa katika kompyuta moja kubwa ya Linux kwenye chumba cha nyuma, na kila mfanyakazi aliingia humo kutoka mezani kwake, kwa jina na nywila yake. Aliyeileta ni Mzee Ochola. Siku hizo hapakuwa na kitu cha kubofya kikajiweka chenyewe. Alichukua maandishi asili ya msimbo wake kutoka chuo kimoja cha ng'ambo, akaijenga mwenyewe kipande kwa kipande mpaka ikakubali kufanya kazi. Hadi leo watu ofisini waliiita Tabaka ya Mzee.

Sasa walioitunga walikuwa wametangaza kwamba toleo lile lilikuwa na kasoro. Penye tabaka nene la udongo wa mfinyanzi uliolowa, liliudhania ni mwamba wenye maji. Mfinyanzi hulowa, ndiyo, lakini maji yake hauyaachii. Toleo jipya lilikuwa limerekebishwa. Komal, mwenye kampuni, ambaye aliirithi kwa baba yake Chunilal, Mzee Ochola akiwa ndani yake, alimwita Naliaka na kufunga mlango.

"Weka mpya. Ile ya zamani itoke kabisa, sawa? Sitaki mtu achore na hiyo kitu tena."

"Na Mzee?"

"Utamwambia. Polepole."

"Mimi? Madam, si wewe ndiye mkubwa?"

"Mimi nikimwambia, ataona namsukuma aende nyumbani. Wewe anakupenda. Wewe ni mtoto yake hapa."

Kwao Naliaka, mtoto hamwendei mzee akamwambia kazi ya mikono yako imeharibika. Hutafutwa mzee mwingine, naye huenda akaketi, akaulizia mifugo, akazunguka mpaka neno lenyewe likafika bila kumgonga mtu. Katika ofisi hii hapakuwa na mzee mwingine. Palikuwa na yeye, mwenye diploma yake ya kompyuta na kidole kilichokuwa hewani.

"Unajua hii kitu ilinisumbua?" Mzee Ochola alikuwa ameshakaa, akitazama skrini kama mtu anayetazama ng'ombe wake. "Nikirekebisha hapa, inalia kule. Nikiziba kule, inalia pengine kabisa. Nilikuwa nachelewa hapa mpaka mke wangu akaamini niko na mwanamke mjini."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimleta! Nikamkalisha hapo ulipokaa, nikamwonyesha skrini. Akaangalia, akaangalia, akasema, 'Ochola, afadhali angekuwa mwanamke.'"

Naliaka akacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siku ilikubali, nilishuka hapo barabarani nikasalimia watu siwajui."

Alipotoka na thamosi yake, Naliaka alilirudia lile dirisha. Aliisoma amri yake, akaifuta herufi moja moja.

Alichofanya badala yake kilikuwa rahisi. Aliweka Tabaka mpya kwa ajili ya wote, akaificha ya zamani wasiione. Kwa jina la Mzee Ochola peke yake aliiacha njia ya zamani wazi, ili akiita Tabaka, imwitikie ile aliyoizoea. Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Akishaondoka, Naliaka alijiambia, nitaiondoa kimya kimya. Nani ataumia?

"Imetoka?" Komal akamuuliza.

"Imetoka."

"Na Mzee alisema nini?"

"Alisema sawa."

*

Aliyemlea Naliaka tangu aje Nairobi kusoma ni Senge Mercyline wa Kabiria, dada wa baba yake; Senge ndivyo shangazi anavyoitwa kwao. Hata baada ya Naliaka kupata chumba chake Kangemi, Jumapili zake zilikuwa za huko, katika kanisa la mabati ambamo Senge aliongoza akina mama. Uani mwa kanisa palikuwa na klasi ya watoto wadogo, nayo ya mabati. Kilichokosekana ni maji. Bomba la mtaa lilitoa hewa kuliko maji, na akina mama walipanga mitungi kwenye foleni, wakagombana, wakaombana msamaha, wakagombana tena.

Ndipo kampuni moja ya kuchimba visima ikajitolea. Mashine yao ingepita Kabiria ikielekea Kajiado, na ingewachimbia shimo. Moja. Wao wenyewe waonyeshe mahali.

Mzee Ochola alimsikia Naliaka akizungumza kwa simu.

"Kisima cha shangazi yako? Na unatafuta mtu wa kupima, mimi nikiwa hapa nimekufa?"

"Mzee, sikutaka kukusumbua."

"Nisumbue. Nimepima viwanja vya matajiri mpaka nimechoka. Niache nimalize na watu wa Mungu."

Jumamosi alifika Kabiria na vyuma vyake, kofia yake na kipande cha mua mfukoni. Akina mama walimzunguka.

"Mzee, huo umeme wako hauwezi kutuchemshia chai?"

"Mama, huu hauwezi kuua hata sisimizi."

"Sasa utatoaje maji?"

"Hautoi. Unauliza tu, ardhi inajibu."

"Na mke wako ukitaka kujua anawaza nini, unamchomanga vyuma hivi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Senge Mercyline akapiga makofi. "Nyinyi, heshima! Mko kanisani!"

"Tuko nje ya kanisa, Mama."

Mzee Ochola alicheka kuliko wote. Naliaka alivuta nyaya kutoka klasi ya watoto hadi kwenye lango na kurudi, akaandika vipimo alivyotajiwa, na kwa muda ule alisahau kabisa kwamba kulikuwa na Tabaka mbili.

Alikumbuka Jumatatu, aliposimama nyuma ya kiti cha Mzee na picha ikaanza kujichora.

"Ona! Ona hapo, nyar Bungoma!" Buluu ilikuwa imelala nene na pana, chini kabisa ya klasi ya watoto. "Maji ya kuosha Kabiria yote."

Maneno yalimfika Naliaka kwenye meno. Yalikuwa machache tu: Mzee, tujaribu na ile nyingine. Lakini angeulizwa, ipi nyingine? Na hapo yote yangemwagika. Mzee angejua kwamba ofisi nzima ilishahama na kumwacha nyuma, kama mtu ambaye wenzake hubadilisha mazungumzo kila akiingia. Komal naye angejua kwamba imetoka haikuwa imetoka.

"Ni mazuri, Mzee," alisema.

Vipimo alikuwa navyo. Angeweza kuketi mezani kwake, akaviingiza katika Tabaka mpya, akaona, na hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Alijiambia Kabiria ni udongo mwekundu, mfinyanzi utoke wapi? Hakusomea udongo, lakini alilirudia hilo mpaka likawa na sauti ya kitu alichosomea. Kila siku alipata kazi nyingine. Alikwenda mpaka Muthangari, kwa mteja ambaye kompyuta yake ilikataa kuwaka, akaingia chini ya meza kusukuma waya ambao mteja angeusukuma kwa kidole cha mguu. Alipotoka huko alipita njia ndefu ya kurudi.

Kisha Senge akapiga simu. Nyuma yake mabati yalikuwa yakilia.

"Mashine inakuja kesho! Tunabomoa."

"Mnabomoa nini, Senge?"

"Klasi, si Mzee amesema maji yako chini yake? Haiwezi kuingia na klasi imesimama. Wababa wako juu, sisi tunang'oa misumari."

"Na watoto?"

"Watasomea ndani ya kanisa. Wewe nawe! Maji ikitoka watasomea hata kwa paa, wafurahi." Akamgeukia mtu. "Weee! Usikunje hiyo bati, tutajenga tena na hiyo hiyo!"

Asubuhi iliyofuata Naliaka alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Aliketi bila kuvua koti. Aliviingiza vipimo katika Tabaka mpya, na mikono ilipomaliza kazi yake akaipakata kama ya mtu mwingine.

Picha ikaja. Chini ya klasi lilikuwapo tabaka nene la rangi ya kahawia, mfinyanzi mtupu, na chini ya mfinyanzi mwamba mkavu. Buluu ilikuwapo pia. Ilikuwa langoni, palipokuwa wazi, pasipohitaji kubomolewa chochote.

Alipiga simu ya Senge. Aliyeipokea alikuwa Mzee Ochola.

"Nyar Bungoma! Mama ananipa simu yake anasema niongee na mtoto wetu. Sikia mashine!" Akaielekeza simu kwenye ngurumo. Juu ya ngurumo akina mama walikuwa wakiimba.

"Mzee, isimamishe."

"Eh?"

"Simamisha mashine. Si hapo. Maji iko kwa lango."

"Nani amesema?"

"Tabaka."

"Tabaka ndiyo ilisema hapa."

"Tabaka mpya, Mzee. Hiyo yako iko na kasoro, inaona mfinyanzi kama maji. Wote tulihama. Ni wewe tu... ni mimi nilikuachia ya zamani."

Ngurumo ikafifia; Mzee alikuwa amesogea kando.

"Komal anajua?"

"Anadhani nilikuambia."

Alimsikia akipiga kelele kwa dereva wa mashine, na dereva akijibu, si kwa ubaya, kama mtu anayesema jambo lilivyo. "Mzee, nimeshaingia. Mimi nimetumwa shimo moja. Hili ndilo shimo." Mzee akasema tena, safari hii akibembeleza. Dereva akasema angewapigia wakubwa wake. Aliwapigia. Wakubwa walisema Kajiado wanangoja.

"Kuja hapa," Mzee Ochola akamwambia Naliaka, na simu ikakatika.

Alipofika, wimbo ulikuwa umebaki kwa akina mama wawili watatu. Vumbi lilikuwa limekoma. Kilichotoka sasa kilikuwa matope ya kijivu yaliyonata kwenye mabomba kama uji ulioungua. Kila yalipotoka akina mama walisogea, wakidhani maji yako nyuma yake. Dereva aliwahurumia. Alichimba kupita kina alichoagizwa, bomba baada ya bomba, mpaka mfinyanzi ukaisha na jiwe likaanza, na likatoka unga mkavu. Hapo aliizima mashine.

Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja alileta chai kwa dereva na wenzake, kwa sababu ilikuwa imeshapikwa kwa ajili ya kusherehekea. Walikunywa wamesimama. Kisha mashine ikakusanya mabomba yake, ikageuka taratibu penye uwazi wa klasi, ikatoka nje. Ilipofika langoni magurudumu yake makubwa yalipita juu ya mahali pale pale palipokuwa na buluu.

Mzee Ochola alikuwa ameketi kwenye benchi la watoto, magoti yamekaribia kidevu. Naliaka alimsogelea. Mzee hakuinua macho.

*

Jumatatu Mzee alifika bila thamosi. Alimwita Naliaka mezani kwake.

"Ulikuwa uitoe vipi?"

"Mzee, acha, nitafanya mimi."

"Nimekuuliza vipi."

"Kwa folda yako. Ile uliijengea. Bila hiyo vipande vyake vimetawanyika kila mahali, huwezi kuviokota vyote."

"Ndiyo." Aliifungua folda. Alikuwa ameitunza miaka yote hiyo, hakuifuta hata nafasi ilipokuwa haba, kwa kuwa programu iliyojengwa kwa mkono huondolewa na kile kile kilichoijenga. Aliandika amri mwenyewe, polepole, kwa vidole viwili, akabonyeza. Majina ya mafaili yakapita moja moja, kila moja likitajwa na kuondoka. Mzee aliyasoma mpaka la mwisho.

"Ungeniambia siku ile ya chai," alisema, "ningeitoa chai ikiwa bado moto."

"Niliogopa kukuvunja moyo. Nilikuwa nakuheshimu, Mzee."

"Mimi kazi yangu ni gani, Naliaka?" Hakumwita nyar Bungoma. "Nawaambia watu kwao hapana maji. Mtu ameuza ng'ombe anunue hicho kiwanja, ananiletea soda, watoto wake wananiita guka, kama babu yao, na mimi namwambia hapa hakuna kitu. Wengine wamelia mbele yangu. Nimewaambia tu. Wewe ulifikiri mimi peke yangu siwezi kuambiwa?"

Mzee akaifunga ile folda.

"Nitaenda Jumapili kuwaeleza. Nitasema niliisoma picha vibaya. Wewe utanyamaza."

"Hapana, Mzee."

"Mimi naenda nyumbani, hata wakinisema. Wewe shangazi yako yuko pale. Nyamaza."

Komal alimwita pia, na hayo yalikuwa mafupi. Hakumfukuza. Alisema tu, "Nilikuuliza mara mbili," akaendelea na kazi, na tangu siku hiyo kila Naliaka alipomaliza jambo, Komal aliinuka kwenye kiti chake akaja kuangalia.

Jumapili watoto walikuwa wameketi mbele kabisa, wameizoea nafasi yao mpya. Mzee Ochola alisimama, kofia mkononi, akasema alichosema angesema. Alisema yeye ni mzee, macho yake yamechoka, aliona maji pasipo na maji. Akaomba msamaha. Kanisa lilinung'unika kwa huruma. "Hata daktari hukosea, Mzee," mama mmoja akasema, yule yule aliyemtania kuhusu mke wake. Wakampigia makofi, makofi mepesi ya kumwambia mtu aketi.

Naliaka akasimama.

"Si yeye," alisema. "Mzee hakukosea. Kifaa chake kilikuwa kibovu, mimi ndiye nilijua, na nilitumwa nikiondoe. Sikukiondoa. Maji iko hapo kwa lango. Nilikuwa na siku nyingi za kuwaambia kabla hamjabomoa."

Mzee Ochola alifumba macho. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Kwa lango wapi?" akafinywa. Mchungaji alikohoa, akatangaza wimbo, na watu wakaimba bila kumtazama Naliaka, hata waliokuwa benchi moja naye.

Baada ya ibada alimkuta Senge Mercyline nyuma ya nyumba yake, akifunga mitungi ya maji kwa kamba. Ilisemekana bomba linatoa maji upande wa chini, na foleni ilikuwa imeanza. Naliaka alisimama karibu naye. Alieleza yote tangu mwanzo: Komal na mlango uliofungwa, kidole, chai, hadithi ya mke wa Mzee. Alipofika kwenye hadithi alijisikia akiomba Senge acheke kidogo tu.

Senge alimaliza kufunga kamba.

"Kwa hivyo ulimwogopa mzee mmoja," alisema. Sauti yake haikuwa kali. "Sisi tulikuwa wengi hivi, Naliaka. Watoto wote wale. Na hukutuogopa."

Akainama kuinua mitungi. Naliaka akanyoosha mkono apokee mmoja, kama alivyofanya tangu siku ya kwanza alipokuja kukaa kwake. Senge hakumpa. Aliibeba yote miwili, akapita uani kando ya shimo walilolifunika kwa kipande cha bati na jiwe, akatoka langoni kwenda kupanga foleni.